Viazi vya Arap Rono

Njoro, jioni

Kavetsa mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia chumba cha pili ukigombana na kufuli la sanduku. Mimi ni mzima, ila mgongo, na huo unaujua. Naandika kwa sababu nikija kukuambia haya kwa mdomo utanikatiza, nami nitapandwa na hasira, na kesho tutaagana stesheni ya Nakuru kila mtu amenuna upande wake. Ndivyo tulivyoumbwa mimi na wewe. Karatasi angalau haikatizwi.

Ya safari sikuambii. Shangazi yako amekwisha kukuambia juu ya blanketi, juu ya malaria, na juu ya wanaume wa Kampala, na hayo ya wanaume ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika. Sina la kuongeza.

Nataka tuzungumze juu ya viazi. Nimekusikia jikoni ukimwambia shangazi yako kwamba mwalimu wa chuo kikuu hawezi kushuka kwenye gari la moshi na gunia la viazi, wenzako watakucheka. Nawe ulicheka uliposema hivyo. Unacheka kama mama yako, kichwa nyuma, na kila nikisikia kicheko hicho nyumbani mwangu nasimamisha ninalolifanya. Tangu tumzike nyumba hii imekuwa kimya sana, Kavetsa. Likizo hii umeijaza, na kesho itakuwa kimya tena. Nimelisema, basi, tuendelee.

Viazi hivyo si vyangu. Ni vya Arap Rono. Wewe unamjua kama yule mzee mrefu wa Kuresoi aliyekuja matangani akashika jembe pamoja na wajomba zako, halafu akaondoka bila kula. Hujui kilichotufanya tujuane. Ulikuwa Kampala wakati huo, unasoma, na katika barua zangu nilikuandikia habari za mvua na ngano tu. Mama yako alitaka nikueleze. Nilimwambia mtoto ana mitihani. Kweli ni kwamba niliona haya.

Tena nisingekueleza hata leo, kama si ile hadithi uliyotusimulia juzi mezani. Muhula ule mmoja uliofundisha kama msaidizi, ukamsomea yule mwanafunzi wako insha yake mbele ya wenzake, ukiigiza sauti yake, darasa zima likavunjika mbavu. Akatoka akabamiza mlango. Kesho yake akaja ofisini kwako akafoka, nawe ukamwambia, "Mlango ni ule ule ulioubamiza jana." Na sasa umesikia kwamba anataka kuliacha somo, pengine na chuo chenyewe. "Shauri yake," ulisema. Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka, unajua kusimulia. Kisha nikatoka kwenda kumtazama ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Sikiliza basi.

Wakati ule chuo chetu cha ualimu kilikuwa kimeanza kupokea watu wazima, wale waliokuwa wamefundisha miaka mingi katika vishule vya mashambani bila cheti. Serikali ilikuwa imesema asiye na cheti ataondolewa. Wakaja, watu wenye wake na watoto, wakalala kwenye vitanda vya bweni kama wavulana. Arap Rono alikuwa mmoja wao. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko juu, upande wa Kuresoi, baba yake akichunga kondoo wa bwana. Alikuwa ameanzisha shule ya watoto wa vibarua katika banda la kukamulia ng'ombe lililoachwa. Asingepata cheti, shule ile ingefungwa. Hilo tulilijua wote.

Kufundisha alijua, lakini hesabu ilimsumbua.

Unaikumbuka shule ya mazoezi, ile ya mabati karibu na ghala la ngano? Ndiko tulikowapima. Mwanafunzi anafundisha watoto, mkufunzi anakaa nyuma kabisa na kalamu yake. Siku hiyo somo lilikuwa sehemu: nusu, robo na jamaa zake. Arap Rono alikuja na kiazi kikubwa cha kwao na kisu. Akakikata mara mbili, akakata tena, watoto wakanyoosha shingo. Nilifurahi, nakwambia kweli. Kisha akageukia ubao kuandika robo jumlisha robo. Akajumlisha juu, akajumlisha na chini. Akapata mbili kwa nane.

Nilimpa muda aone mwenyewe. Si muda mrefu, unanijua. Halafu nikainuka. Nikapita katikati ya madawati, nikaichukua chaki mkononi mwake, nikafuta kwa mkono wa koti langu, nikaandika nusu. "Hivi," nikasema. Nikamrudishia chaki nikaenda kukaa.

Mtoto mmoja akacheka, kisha darasa zima likacheka.

Sasa, Kavetsa, wewe umesoma vitabu vingi kuliko mimi, lakini hili hutalikuta humo. Wale walikuwa wavulana ambao hawajatahiriwa. Kwao Arap Rono, na hata kwetu Maragoli, mtu aliyekwisha kwenda jandoni hakemewi mbele ya mvulana ambaye hajaenda. Hata baba yake mzazi akitaka kumgombeza humwita kando. Mvulana akimcheka mtu mzima hivyo, huyo mtu amevuliwa kitu ambacho alikipata kwa kisu na hakulia. Mimi nilikijua hicho kisu. Nilisimama mtoni alfajiri na matope mwilini kama wengine wote. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba darasani kuna mwalimu na mwanafunzi basi, na mimi nilikuwa nimeamini mpaka nikasahau ninakotoka.

Alimaliza somo. Sauti haikutetemeka. Alasiri akaja nyumbani. Nilikuwa napunguza ua wa kaiyaba, naye alisimama ng'ambo, ameshika fimbo ya kuonyeshea ubaoni.

"Mwalimu," akasema, "wewe umenifanya nini leo?"

"Nimekusahihisha. Ndiyo kazi yangu."

"Mbele ya watoto?"

"Kosa ulilifanya mbele ya watoto."

"Mimi iko na mke. Mimi iko na watoto wawili. Wale wavulana watanisalimia namna gani kesho?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningeweka panga chini, nikasema, karibu ndani, mama ametia chai. Alikuwa ameniuliza swali, na swali lilikuwa la haki. Lakini mtu akinipazia sauti mimi husikia sauti tu, maneno siyasikii. Nawe ni hivyo hivyo, usibishe. Nikamwambia, "Kama hutaki kuchekwa, jifunze hesabu."

 Kisha akaiweka ile fimbo kwenye goti lake akaivunja vipande viwili, akavitupa, akaondoka. Hakunisogelea. Ua ulikuwa kati yetu, na ua wa kaiyaba unaujua miba yake.

Mkuu wa chuo, yule Mwingereza wa wakati ule, alikuwa akipita barabarani na mbwa wake. Akaona mtu, akaona fimbo. Asubuhi akaniita.

"Yule Rono. Yeye nataka kupiga wewe?"

Nilijua jibu. Jibu lilikuwa hapana. Nikasema, "Alikuwa na fimbo, Bwana."

Hayo tu. Sikuongeza neno wala sikusema uongo. Kufika adhuhuri Arap Rono alikuwa ameviringisha blanketi lake na kuondoka. Siku hizo za Hali ya Hatari mtu mweusi akitajwa pamoja na fimbo, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako kana kwamba nimeshinda kesi. Alikuwa anachambua mboga. Akachambua mpaka akamaliza.

"Na ile shule yake?" akauliza.

"Atajua mwenyewe."

"Haya," akasema. Unaijua hiyo "haya" yake. Nilikaa nayo majuma mengi. Aliniwekea chakula, alinifulia, tulisali pamoja, na katika kila jambo hiyo "haya" ilikuwemo. Mwishowe nikamwambia nitakwenda Kuresoi kumwomba mtu yule radhi. Nilidhani atafurahi.

"Utamwombea wapi?"

"Kwake, nyumbani. Kwa heshima."

"Baba Kavetsa, wewe ulimvua shati sokoni. Sasa unataka kumvika jikoni?"

Nilikasirika nikaondoka hivyo hivyo.

Nilipanda lori la maua ya pareto mpaka Molo, askari wakatushusha njiani kutazama karatasi zetu, kisha nikashika njia kwa miguu. Baridi ya huko juu si ya mzaha, ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Nilimkuta shambani na mkewe wakichimba viazi. Aliniona kutoka mbali akaendelea kuchimba. Alipomaliza mstari wake akaja, akanipa kigoda, akanipa maziwa ya kibuyu. Wale watu hata wakikuchukia watakupa maziwa. Nikaona banda la shule limefungwa kwa ubao uliopigiliwa misumari. Hakunionyesha, ila lilikuwa pale, na mimi nina macho.

Nikamwambia nilikosa. Nilimwambia yote, mpaka lile neno la fimbo mbele ya mkuu. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilipomaliza nilikuwa karibu kulia.

 Akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Lakini wale watoto hawajasikia."

Nilirudi Njoro nikamwambia mama yako alichosema. Hakunicheka. Ningependelea anicheke.

Nikaenda kwa mkuu. Kavetsa, nimepita mengi, ila sijui kama nimewahi kuogopa mlango kama ule. Nikamwambia, "Bwana, fimbo ile aliivunja kwenye goti lake mwenyewe. Hakutaka kunipiga."

"Kwa nini wewe hapana sema?"

"Nilikuwa na hasira, Bwana."

 Nilidhani mimi ndiye nitakayeviringisha blanketi, na tungekwenda wapi, nyumba ni ya chuo, na wewe unangoja ada. Mwishowe akasema Arap Rono arudi afundishe somo lile lile, na yeye mwenyewe atakaa nyuma kutazama. Akishindwa, basi, asionekane tena.

Alirudi. Hakuja kwangu. Siku ya somo mkuu alikaa nyuma kwenye kiti changu, saa mkononi. Mimi nilikuwa nisimame kando yake. Lakini nilipoingia nikaona wale wavulana wakitazamana na kufinyana, mmoja tayari amejaza mashavu, nikajua kicheko hakijakwisha, kinangoja tu. Miguu yangu ikanipeleka mbele. Nikamwambia mtoto wa dawati la kwanza, "Sogea," nikakaa. Magoti yalinifika kidevuni. Darasa likanyamaza ghafla.

Arap Rono alikata kiazi chake. Nusu, robo. Aliuliza maswali, watoto wakajibu. Nami nikanyoosha mkono na kidole juu, kama wao.

 Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

"Naomba nijaribu ile ya robo jumlisha robo."

Akanipa chaki. Nikaenda ubaoni mbele ya wavulana, mbele ya mkuu, nikaandika mbili kwa nane.

Kicheko kilichotoka humo, mama! (Nakuita mama kwa kuwa jina lako ni la mama yangu, na leo namhitaji.) Waligonga madawati. Nilisimama na uso kwenye ubao, masikio yanawaka, na ndipo nilipojua nilichomfanyia mtu yule. Kabla ya hapo nilikuwa nimekijua kwa maneno tu. Nilitamani kugeuka niwaambie, jamani, najua jibu, nimewafundisha walimu kabla hamjazaliwa! 

"Nyamazeni," akasema Arap Rono. Hakupaza sauti. "Hapa mtu akijaribu hachekwi."

Wakanyamaza.

Akaja kando yangu. Nilidhani ataichukua chaki. Ilikuwa haki yake, nami nilikuwa tayari kumpa. Hakuigusa. Alishika vipande viwili vya kiazi akaviweka kiganjani mwangu, ule mkono mwingine, taratibu.

"Mwalimu, hebu viunganishe. Sasa tazama. Hiki ulichoshika ni kidogo kuliko robo, ama ni kikubwa?"

"Ni kikubwa."

"Na mbili kwa nane, ile umeandika, ni kubwa kuliko robo?"

"Hapana. Ni robo ile ile."

"Basi andika vile mkono wako umeona."

Nikafuta mwenyewe. Nikaandika nusu. Watoto wakapiga makofi, na nilirudi kwenye dawati langu na ile chaki bado ninayo, nikaikumbuka baadaye mfukoni. Mkuu alimpitisha. Alisema, "Huyu najua kazi," akatoka na mbwa wake. Sidhani alielewa alichokiona, na sikumweleza.

Alijua kwamba nilikosea makusudi? Alijua. Hatukuzungumza juu yake hata siku moja. Alipata cheti, ubao ukang'olewa mlangoni, na shule ipo mpaka sasa. Kila mavuno hushusha gunia kwa lori la Molo. Mama yako alikuwa akivimenya na kusema, "Haya, tule hesabu." Siku tuliyomzika, Arap Rono alifukia mpaka mwisho, akapangusa mikono, akaniambia, "Mwalimu, huyu mama nilitaka kumshukuru, lakini sikujua kwa nini." Mimi nilijua kwa nini. 

Usidhani nakwambia kila anayekasirika ana haki. Nilimkamata mmoja akinakili mtihani, akanitukana mpaka ukoo, nikamwacha atukane na sifuri yake ikabaki pale pale. Mpaka leo tukikutana sokoni Nakuru ananisalimia kwa pua. Hilo halinikoseshi usingizi. La Arap Rono lilinikosesha, na tofauti yake niliijua tangu siku ya kwanza, pale pale kwenye ua, panga mkononi. Tatizo halikuwa kutojua. Nadhani hata wewe unajua yule kijana wako ni wa aina gani, maana juzi ulipomaliza kusimulia ulicheka peke yako mara ya pili, na hukucheka kama mama yako.

Sijui la kufanya na mtu aliyekasirika. Nimefundisha maisha yangu yote na bado sijui. Wewe ni msichana, tena mdogo, darasa limejaa wanaume wanaongoja uteleze. Pengine ukifanya niliyofanya mimi watakupanda kichwani. Hilo nimelifikiria sana na sina jibu, na asikudanganye mtu kwamba analo. Mimi nilikuwa mwanamume, na nyuma yangu palikuwa na mke mwenye "haya" yake. Wewe unakwenda peke yako. Linaniuma hilo kuliko mgongo.

Ninachojua ni kimoja, na si cha kwangu, ni cha mama yako. Insha ile hukuisomea ofisini, uliisomea mbele ya darasa.

Naona umenyamaza huko chumbani, kufuli limekubali. Nitaipenyeza barua hii kwenye kikapu cha chakula, usiione mpaka gari la moshi lipite Eldoret, maana ukiisoma hapa tutagombana. Gunia nimeliacha mlangoni. Najua utaliacha, na sitanuna. Ila nimechukua kiazi kimoja nikakitia kwenye kiatu chako cha kushoto, chini kabisa ya sanduku, ndiyo maana lilikataa kufunga. Usikipike. Kiweke juu ya meza ya ofisi yako, na siku yule kijana atakaporudi kufoka, kitazame kwanza, halafu umtazame yeye.

Vilivyobaki nitavila mimi, kidogo kidogo, mpaka Krismasi.

Ni mimi baba yako, mwenye hasira kama zako.